SOMO: KUPIGA SIMU KWA WI-FI MAHALI MTANDAO UNAPOKOSEKANA



Kuna kilima kimoja katika eneo ninalolitembelea. Juu yake pana mgunga, na chini ya mgunga pana mawe manne yaliyong'aa kwa kukaliwa. Wenyeji hupaita "Posta". Kule bondeni mtandao wa simu hakuna kabisa. Ukitaka kupiga simu unapanda Posta, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye nguvu zake.

Usiku mmoja mama alifikishwa kwenye zahanati ya bondeni, uchungu wa uzazi umekwama. Nesi aliona mara moja kwamba lazima apelekwe hospitali. Zahanati ilikuwa na Wi-Fi inayotoka kwenye sahani ya setilaiti juu ya paa. Nesi akatafuta jina la dereva wa gari la wagonjwa katika WhatsApp, hakulipata. Dereva ana kabambe, ile simu ya vibonyezo. Ikabidi mume wa yule mama achukue tochi apande Posta. Gari lilifika karibu alfajiri. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Siwezi kusema simu peke yake ingemwokoa yule mtoto. Barabara zetu nazo tunazijua. Lakini wiki chache baadaye niliketi na yule nesi, tukafungua simu yake pamoja, tukawasha kitu kimoja kidogo tu, na kabambe ya dereva ikalia tukiwa pale pale bondeni. Kumbe uwezo ulikuwa ndani ya simu siku zote! Nesi alinyamaza, kisha akasema, "Na hakuna mtu aliyeniambia." Ndiyo sababu ya somo hili.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
(a) kueleza maana ya kupiga simu kwa Wi-Fi;
(b) kuwasha huduma hiyo kwenye smatifoni na kuijaribu;
(c) kusaidia kikundi kuweka masharti ya kuitumia, hasa wakati wa dharura.

1. NI KITU GANI HIKI?

Simu ya kawaida huongea na mnara. Mnara ukiwa mbali, au mlima ukiwa katikati, au ukiwa ndani ya nyumba ya mawe yenye paa la bati, mawimbi hayafiki vizuri.

Smatifoni nyingi za siku hizi zina mlango wa pili. Zikikosa mnara, hupitisha sauti kwenye Wi-Fi, kisha kwenye intaneti, mpaka ifike kwenye mitambo ya kampuni ya laini yako. Hapo simu inaunganishwa kama simu nyingine yoyote. Ni kama barabara ya gari iliyokatwa na mto: unapitia daraja la miguu, lakini soko unaloenda ni lile lile.

Kwa hiyo namba yako haibadiliki, na unayempigia haitaji Wi-Fi wala smatifoni. Hata akiwa na kabambe itamlilia, mradi yeye yuko mahali penye mtandao. Hapa ndipo tofauti na WhatsApp. WhatsApp ni kama chama: anayepigiwa lazima awe mwanachama, na tena awe na intaneti saa hiyo. WhatsApp pia haiwezi kupiga namba za dharura kama 999.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 2007, ule mwaka M-PESA ilipoanza hapa Kenya, kampuni ya T-Mobile huko Marekani ilianza kuwapa wateja wake nchi nzima simu za namna hii. Simu za iPhone zilipata uwezo huo mwaka 2014. Leo umo katika simu nyingi za Android pia, ila mara nyingi umelala, unangoja mwenyewe auamshe.

2. VITU VINNE VINAVYOHITAJIKA

Kimoja kikikosekana, vingine vitatu havina kazi.

Kwanza, simu. Iwe smatifoni ya 4G yenye uwezo huo. Angalia pia ilikotoka: simu iliyonunuliwa nchi nyingine yaweza kukosa huduma hii hapa kwetu, hata kama ni sawa kabisa na ya jirani.

Pili, laini. Kampuni yako lazima iwe inatoa huduma hiyo kwa laini yako, na iwe imeikubali aina ya simu uliyo nayo. Msitegemee maneno ya sokoni. Siku mko mahali penye mtandao, pigeni namba ya huduma kwa wateja mkaulize maswali matatu: Je, laini hii inaweza kupiga kwa Wi-Fi? Aina ya simu yangu imekubaliwa? Nitatozwa vipi? Katibu aandike majibu.

Tatu, Wi-Fi yenye intaneti ndani yake. Wengi hudanganywa na ile alama ya Wi-Fi juu ya kioo. Alama inaonyesha tu kwamba simu yako imefika kwenye rauta, yaani kile kisanduku cha Wi-Fi. Kama bando limekwisha, umefika kisimani lakini maji hakuna. Tazameni ni nani hapo kwenu aliye na intaneti: shule, zahanati, ofisi ya parokia, chifu, au duka. Tangu Starlink ilipoanza kuuza huduma Kenya mwaka 2023, sahani za setilaiti zimefika hata mahali ambapo mnara haujafika.

Nne, stima. Rauta ya kawaida hula kama wati 10. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina nguvu ya wati-saa 84. Kwa hesabu ya karatasi rauta ingekaa saa nane, lakini nyinyi hesabuni tano, kwa maana betri haipendi kumalizwa kabisa. Sahani ya setilaiti ni mlaji mkubwa zaidi, mara nyingi wati 50 mpaka 100, kwa hiyo betri hiyo ndogo haitamaliza hata saa mbili. Hapo mnahitaji betri kubwa na sola ya kutosha.

3. HATUA ZA KUWASHA

Mara ya kwanza fanyeni hivi mahali penye Wi-Fi na mtandao wa simu pamoja, kwa sababu huenda kampuni ikahitaji kutuma ujumbe wa kufungua huduma.

Hatua ya 1: Unganisha simu na Wi-Fi. Fungua ukurasa wowote wa intaneti uhakikishe kwamba inafanya kazi.

Hatua ya 2: Fungua mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno iliyoandikwa "Settings".

Hatua ya 3: Ingia sehemu ya mtandao au ya laini. Humo tafuta maneno "Wi-Fi Calling". Kila simu ina mpangilio wake. Katika Samsung nyingi unaweza pia kufungua mahali pa kupigia simu, ukagusa vitone vitatu juu, kisha mipangilio. Ukikosa kabisa, andika "Wi-Fi Calling" kwenye kile kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio.

Hatua ya 4: Washa. Kama simu ina laini mbili, hakikisha umewasha ile laini iliyokubaliwa, na kwamba ndiyo unayopigia.

Hatua ya 5: Simu nyingine hukuuliza utangulize nini, Wi-Fi au mtandao wa simu. Kama unaishi bondeni, chagua Wi-Fi itangulie.

Ukitafuta usione maneno hayo popote, usiihukumu simu mara moja. Sasisha programu ya simu, zima na uwashe, kisha tafuta tena. Yakikosekana bado, rudi kwa kampuni ukaulize.

4. JARIBIO LA LAZIMA

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Wanawasha, wanapiga makofi, wanaenda nyumbani. Hawajui kama simu ilipita kwa Wi-Fi au kwa mnara.

Jaribuni hivi. Weka simu katika hali ya ndege, ile alama ya ndege ndogo. Minara yote sasa imefungwa. Kisha washa Wi-Fi peke yake. Ngoja dakika moja. Katika simu nyingi utaona juu ya kioo maandishi kama "VoWiFi" au alama ya simu yenye mawimbi ya Wi-Fi. Sasa mpigie mtu mwenye kabambe. Ikilia mkasikizana, mmefaulu. Hakuna njia nyingine ambayo sauti hiyo ingepitia. Mwambie naye akupigie, muone kama inaingia.

Mkimaliza, ondoeni hali ya ndege. Na tafadhali, msijaribu kwa kupiga namba za dharura. Kuna mtu mwingine anayeingoja laini hiyo.

5. GHARAMA

Wengine hufikiri simu hii ni ya bure. La. Kwa kawaida kampuni hukutoza kredo au dakika zako kama simu ya kila siku. Ndiyo maana mliuliza lile swali la tatu. Juu ya hapo, intaneti inalipwa na mwenye Wi-Fi.

Lakini sauti hula kidogo sana. Hesabuni kama MB moja kwa dakika. Simu ya dakika kumi ni kama MB 10, na mtu anayetazama video kwa saa moja aweza kumaliza MB mia kadhaa. Kwa hiyo bando la zahanati likiisha katikati ya mwezi, msimlaumu mama aliyempigia mwanawe dakika tano. Waangalieni vijana walioegemea ua wakitazama mpira.

6. MAMBO YA KUWA MACHO

Usitembee ukiongea. Wi-Fi ya rauta ndogo haifiki mbali, na ukuta wa mawe au mabati huipunguza. Ukitoka nje ya eneo lake, na hapo hakuna mtandao wa simu wa kuipokea, simu itakatika.

Sema uko wapi. Anayepiga kwa Wi-Fi huenda asijulikane alipo. Ukipiga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, anza na kaunti, kijiji, na alama inayojulikana: shule, daraja, soko. Tena namba fupi hizi zaweza kukataa kupita kwa Wi-Fi. Kwa hiyo muwe pia na namba kamili za dereva, za hospitali na za kituo cha polisi, zimeandikwa ukutani kwa wino.

Usitegemee huduma za nyota na hashi. *334# ya M-PESA na nyingine za namna hiyo mara nyingi hazipiti kwa Wi-Fi hata kama simu inapita. Mwekahazina asiahidi kutuma pesa akiwa bondeni kabla hajajaribu.

Linda paswadi ya Wi-Fi. Ikijulikana na kijiji kizima, usiku wa dharura utakuta bando limekwisha. Lakini ikijulikana na mtu mmoja tu, naye akasafiri, hiyo ni hatari zaidi. Tafuteni katikati.

7. MASHARTI YA KIKUNDI

Chombo bila mpango ni mzigo. Kikundi kimoja nilichofanya nacho somo hili kilikubaliana hivi, na nyinyi mnaweza kubadilisha kulingana na hali yenu:

• Watu watatu wajue paswadi: nesi, mwenyekiti wa kikundi na mmoja wa akina mama wanaoishi karibu.
• Simu moja yenye huduma iliyojaribiwa ibaki zahanati usiku, imejaa chaji na ina kredo isiyopungua kiasi kilichokubaliwa.
• Dharura itangulie mambo yote. Simu nyingine zipigwe saa zilizopangwa, kwa mchango mdogo unaoandikwa kitabuni.
• Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi jaribio la hali ya ndege lifanywe, na matokeo yaandikwe na tarehe.

Hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Programu hubadilika, bando huisha, betri huzeeka. Kilichofanya kazi Januari si ahadi ya Juni.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. "Posta" ya kijiji chetu iko wapi? Mgonjwa akizidiwa usiku, ni nani huenda huko, na kwa dakika ngapi?
2. Ni nani hapa kwetu aliye na Wi-Fi? Tumewahi kuzungumza naye juu ya dharura?
3. Kati yetu, ni simu ngapi zenye uwezo huu? Zipo mikononi mwa wanaume tu, au akina mama pia?
4. Stima ikipotea saa nane za usiku, tutafanya nini?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Gawanyikeni wawili wawili, kijana mmoja na mzee mmoja. Kila jozi ikague simu moja, iulize kampuni yale maswali matatu, na ifanye jaribio la hali ya ndege. Mlete majibu, hata kama ni "imekataa". Kujua leo kwamba imekataa ni faida. Kujua usiku wa dharura ni hasara.

Wapendwa, siku hizi nikipita kule bondeni, mawe manne ya Posta bado yapo. Mchana vijana hupanda kupunga upepo. Lakini usiku, njia ya kwanza ni mlango wa zahanati. Nanyi msingoje mvua inyeshe ndipo muezeke nyumba. Fungueni simu zenu wiki hii.

Kazi njema.