MSICHANA NA GAZETI

Wasomaji wetu wa Eldoret na vijiji vya jirani, somo la juma hili ni juu ya wasichana wa shule na magazeti. Wako wasemao kwamba gazeti ni jambo la wanaume barazani. Na tutazame mambo ya zamani, tuone kama neno hilo ni kweli.

Huko Mbweni, Unguja, misheni ya UMCA ilikuwa na shule ya wasichana tangu miaka ya 1870. Wengi wa wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, hawana baba wala mama. Walifundishwa kusoma na kuandika. Mwaka 1888 misheni hiyo ilianza kuchapa Kiungani gazeti la Kiswahili, Msimulizi, lenye habari za vituo vyake. Baadhi ya wasichana wa Mbweni waliolewa na waalimu wakahamia bara, Magila na Masasi. Kwa mtu asiye na ukoo, habari za mahali walipo wenzake ni sawa na barua ya ndugu. Kusoma kwake si anasa. Ni njia ya kutopotewa na watu wake.

Huku kwetu Uasin Gishu mambo yalichelewa. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba namba 64, ndipo wenyeji wakapaita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912. Kabla reli haijafika mwaka 1924, mizigo ililetwa kwa magari ya ng'ombe kutoka stesheni ya Londiani, nayo mvua iligeuza njia kuwa tope. Gazeti kubwa la nchi, East African Standard, lilikuwa la Kiingereza. Binti wa mlowezi aliweza kulisoma. Binti wa Kinandi, kwa kawaida, hakuwa na shule wala gazeti la lugha aijuayo. Gazeti la Kiswahili la serikali ya Tanganyika, Mambo Leo, lilianza Dar es Salaam mwaka 1923.

Tujifunze nini? Msichana atokaye shuleni asipate cha kusoma, elimu yake hufifia kama taa iliyoishiwa mafuta. Basi na afanye hivi:

1. Asome kwa sauti jioni, wote nyumbani wasikie. Bei ya mahindi itamfaa baba. Habari ya chanjo itamfaa mama.

2. Kabla ya kuamini habari, aulize: Nani asema? Lini? Wapi? Amejuaje?

3. Neno asilolijua aliandike katika daftari, kisha amwulize mwalimu.

MASWALI

1. Kwa nini habari za vituo zilikuwa na thamani kwa wasichana wa Mbweni?

2. Mizigo ilifikaje Eldoret kabla ya mwaka 1924?

3. Nyumbani kwako, gazeti likiletwa, nani hulishika kwanza? Na msichana hulipata lini: kabla halijafungiwa sukari, au baadaye?