Paka Mzee Akiukimbia Mchanga Wake

Paka mzee akianza kukojoa nje ya trei, nyumba hugawanyika. Wapo wanaosema ana kiburi, wapo wanaosema kachanganyikiwa, na hakosekani mmoja anayetaka apelekwe sokoni akaachwe huko leo leo. Kwetu Bulapesa, mjini Isiolo, mambo yalichacha paka wetu Halwa alipochagua mkeka wa kuswalia. Paka mwenyewe si najisi, lakini mkojo wake ni najisi, kwa hiyo hakuna aliyecheka.

Halwa ana miaka 14. Kwa umri huo mimi huanza kushuku ugonjwa, kisha maumivu. Tabia mbaya naiweka mwisho kabisa, maana sijawahi kuona paka anayelipiza kisasi kwa mkojo.

Anza na mchanga wenyewe. Yale magunia ya udongo wa paka yanayouzwa mijini si ya lazima. Mmarekani Ed Lowe ndiye aliyeanzisha biashara hiyo mwaka 1947, na kabla yake hata Wamarekani walitumia mchanga na majivu. Mchanga wa laga, yaani wa mto mkavu, unatosha, mradi uuchekeche upate ule mwembamba, kwa sababu ukilowa unashikana bonge. Mabonge hayo yana habari. Yakiwa makubwa na mengi kuliko ulivyozoea, na harufu imefifia, huenda figo zimechoka na haziwezi tena kukoleza mkojo. Kisukari huleta hali hiyo hiyo, na vilevile tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Paka wa tezi hula sana huku anakonda. Vibonge vidogo vidogo vingi, pengine na damu, vinaelekeza kwenye kibofu. Na kinyesi kikiwa kikavu kama gololi, jua anaumia akijisaidia, na paka aliyeumia ndani ya trei huilaumu trei.

Kisha tazama alipokojoa. Akikojoa pembeni tu mwa trei, mara nyingi ina maana alifika lakini akashindwa kupanda ukingo. Yabisi ya viungo ni ya kawaida mno kwa paka waliopita miaka 12, ila hawachechemei kama mbwa. Wanaacha tu kuruka. Halwa aliacha kupanda dirishani muda mrefu kabla ya kisa cha mkeka.

Dawa ya hilo ni mtungi wa plastiki wa lita 20 uliotoboka. Ulaze ubavu, ukate upande wa juu wote, halafu upande mmoja wa kuingilia uushushe hadi ubaki kimo cha vidole vitatu. Pitisha kisu kilichopashwa moto kwenye kingo zisimkwaruze. Mchanga usiwe wa kina kirefu, kwa kuwa nyayo zinazozama humsumbua mwenye magoti mabovu. Mtungi uweke karibu na anapolala, mbali na sahani ya chakula, na kama nyumba ina vyumba kadhaa weka wa pili.

Mkojo uliomwagika usafishe kwa maji na siki. Jiki usiisogeze hapo: ikikutana na mkojo hutoa hewa yenye sumu.

Sasa maji, na hapa ndipo Isiolo inapotutega. Mji wa joto, maji ya kununua kwa mtungi, halafu paka anakunywa na kukojoa mfululizo. Kishawishi cha kumpunguzia kinakuja chenyewe. Usimpunguzie hata kidogo. Anakunywa kwa sababu mwili unapoteza maji, na ukimnyima unamkausha, na kukauka huko ndiko kunakozimaliza figo. Pima badala yake. Mwekee maji uliyoyapima asubuhi, na bakuli la pili lenye kiasi kile kile ulifunike kwa wavu asilifikie, upate kujua jua na upepo vimekunywa kiasi gani. Akipita mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, una neno la kumwambia daktari. Uzito utaupata kwenye mizani ya duka la nafaka. Mtie kikapuni, wenyewe watacheka lakini watakupimia. Paka wa kilo tatu akipungua gramu 300, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mwili wake.

Omena ziloweke kabla ya kumpa, na supu ya mifupa ya mbuzi inafaa ikiwa haina chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwake. Maziwa ya ngamia, ambayo hapa tunayo tele, huwaharisha paka wazee wengi.

Madaktari wa mifugo wa huku siku zao huishia kwa ngamia, mbuzi na ng'ombe, kwa hiyo nenda na daftari: anakunywa kiasi gani, uzito ulikuwa ngapi, mabonge yalibadilika lini. Omba kipimo cha damu cha kreatinini na kipimo cha ukolezi wa mkojo. Ikibidi kwenda Kabete, kwenye kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ondokeni kabla ya alfajiri joto lisimkute kwenye boksi. Kwa Halwa yalikuwa yote mawili, figo na viungo. Figo haziponi, ila chakula chenye majimaji na maji ya kutosha vimempa nguvu ya kufukuza mijusi tena.

Kuna mambo mawili yasiyosubiri daftari. Dume anayejikamua bila tone kutoka ameziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Tafuta daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na Panadol ni sumu kwa paka, hata kipande.

Mchanga uliochafuka uzoe kila siku na kuufukia mbali na mboga. Vijidudu vya toksoplasma vilivyomo kwenye kinyesi huhitaji angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayezoa mapema amejikinga kwa sehemu kubwa. Mjamzito asiuguse kabisa. Kazi hiyo kwetu ameachiwa yule aliyetaka paka apelekwe sokoni.