FREMU NA USUKANI: KUTOKA BLACK MAMBA HADI BMX

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Baiskeli nazo ni vivyo hivyo. Wasomaji wenzangu na walimu wetu wapendwa, hapa Giakanja kuna ubishi ambao hauishi. Vijana wenye BMX hucheka Black Mamba, ati ni baiskeli ya wazee wa kupeleka maziwa. Wenye Mamba nao hujibu kwamba BMX ni mchezo wa watoto, haiwezi hata kubeba kabichi mbili.

Katika makala haya nataka tuzichambue baiskeli hizi mbili jinsi tunavyochambua sentensi darasani: tuchukue kipande kimoja kimoja na kuuliza kinafanya kazi gani. Tukimaliza mtaona kwamba pande zote mbili za ubishi zimekosea. Umbo la baiskeli ni jibu la swali fulani. Ukiipa baiskeli swali ambalo halikuwa lake, utaumia.

1. Msamiati kwanza

Fremu ni mifupa ya baiskeli, yaani zile paipu zilizounganishwa. Shingo ni paipu fupi ya mbele ya fremu. Uma, ambao mafundi huuita foki, hupita ndani ya shingo na kushika gurudumu la mbele. Usukani ndio ule mtambo wa kushika kwa mikono. Wengi husema stelingi. Keria ni kile kibebeo cha nyuma. Njiti za gurudumu ndizo spoki. Neno hili la mwisho mtumie kwa uangalifu, kwa sababu ukienda dukani ukaomba njiti, utapewa kiberiti.

2. Kwa nini pembetatu?

Mwaka wa 1817, Mjerumani aitwaye Karl von Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedeli. Mtu alikisukuma kwa kukanyaga chini. Miaka ya 1870 ikaja baiskeli yenye gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma. Pedeli zilikuwa kwenye lile gurudumu kubwa lenyewe, hivyo aliyetaka kasi alihitaji gurudumu kubwa zaidi. Akigonga jiwe, alianguka kichwa mbele kutoka juu kama embe.

Mwaka wa 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatoa Rover. Magurudumu yake yalikaribiana kwa ukubwa na mnyororo ulizungusha lile la nyuma. Baada ya hapo fremu ikatulia katika umbo tunalolijua, lenye pembetatu mbili zilizoshikana, ambalo huitwa almasi.

Umbo hili halikuchaguliwa kwa urembo. Chukua vijiti vitatu uvipigilie misumari pembeni, kisha ujaribu kuvisukuma. Havitabadilika umbo. Sasa tengeneza mraba kwa vijiti vinne. Ukiusukuma kidogo tu, unalala. Hiyo ndiyo siri ya fremu, na ndiyo siri ya mapaa ya nyumba zetu pia.

3. Black Mamba: swali la mzigo

Mamba ni mjukuu wa baiskeli za Kiingereza kama Raleigh. Baadaye zilikuja kwa wingi kutoka India, kwa mfano Hero na Atlas, na kutoka Uchina, kwa mfano Phoenix. Magurudumu yake ni inchi 28. Fremu ni ndefu, na baadhi zina paipu mbili za juu badala ya moja. Shingo imelala nyuma, uma umetokeza mbele, kwa hiyo baiskeli huenda moja kwa moja bila kuyumba-yumba hata ikiwa na gunia. Usukani umerudi nyuma ili mtu akae wima. Breki huvutwa na fito za chuma badala ya waya.

Mzigo ndio ulioipa heshima. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walianza kubebwa kwa baiskeli kama hizi tangu miaka ya 1960. Waliweka mto juu ya keria, na abiria akavushwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Neno la Kiingereza la mpaka ndilo lililotuzalia jina boda boda. Siku hizi jina hilo limechukuliwa na pikipiki, lakini mwenye jina asilia ni baiskeli.

Si chuma peke yake kinachojibu swali la mzigo. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, watu husafirisha makaa na viazi kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Usukani wake ni mti mpana, kwa sababu mzigo wa kilo mia kadhaa hauwezi kugeuzwa kwa kijiti kifupi.

4. BMX: swali la kuruka

Sasa tuvuke bahari. Mwaka wa 1963 kampuni ya Schwinn ya Marekani ilitoa baiskeli ya watoto iitwayo Sting-Ray. Ilikuwa na magurudumu ya inchi 20, siti ndefu kama ndizi, na usukani ulioinuka juu sana. Watoto wa California walipoona mashindano ya pikipiki kwenye vumbi na matuta, nao wakaanza kuigiza kwa baiskeli hizo. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Herufi za BMX zatokana na maneno ya Kiingereza ya baiskeli na mbio hizo za pikipiki. X ni msalaba uliosimama badala ya neno krosi.

Shida ilikuwa moja. Sting-Ray haikutengenezwa kuruka. Fremu zilipinda na uma zikavunjika. Basi mafundi wakaanza kuunda fremu mpya. Waliirejesha ile pembetatu iliyonyooka, ila fupi na ya chini, ili magoti yasigonge. Penye shingo, ambapo kishindo cha kutua huwa kikali, waliongeza kibati cha kuimarisha. Wakaacha chuma cha kawaida na kutumia chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni. Paipu za chuma hiki zaweza kuwa nyembamba na bado zikawa imara, kwa hiyo baiskeli ikawa nyepesi.

Shingo ya BMX husimama zaidi, karibu digrii 74, na magurudumu yamekaribiana. Ndiyo maana hugeuka upesi kama mbuzi. Mbio za BMX ziliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka wa 2008 huko Beijing, na Māris Štrombergs wa Latvia akatwaa dhahabu ya wanaume. Kutoka bara letu, Sifiso Nhlapo wa Afrika Kusini alikuwepo pia.

5. Usukani: wenzo wa mikono miwili

Hapa ndipo somo la Fizikia linapokutana na Kiswahili. Usukani ni wenzo. Ukiwa mpana, nguvu kidogo ya mkono hugeuza gurudumu kwa urahisi. Usukani wa BMX ni mpana na umeinuka ili mwendeshaji asimame juu ya pedeli na kuivuta baiskeli hewani. Lakini kitu kirefu hupinda haraka. Kwa hiyo wakaweka ule mtambo wa katikati unaounganisha mkono wa kulia na wa kushoto. Wengi hudhani ni pambo. La hasha! Ukiukata ili baiskeli "ionekane poa", umeondoa kinachoshikilia usukani usipinde.

6. Na mteremko wetu?

Sasa turudi nyumbani. Giakanja ni migongo na mabonde, na mvua ikinyesha udongo mwekundu huwa kama sabuni.

Gurudumu la inchi 20 likizunguka mara moja huenda karibu meta 1.6. La inchi 28 huenda karibu meta 2.2. Kwa safari ya kilomita 4, gurudumu dogo litazunguka kama mara 2,500, na kubwa kama mara 1,790. Isitoshe, gurudumu dogo huzama zaidi katika kila shimo, na siti ya chini haiachi miguu kunyooka. Kwa hiyo anayekwenda shule mbali kwa BMX anajichosha bure.

Lakini Mamba nayo ina kasoro. Ni nzito, na breki zake hubana rimu ya chuma, ambayo ikilowa huteleza. Aliyebeba mzigo kwenye mteremko wa mvua ashuke, asukume kwa miguu. Si aibu.

Hatari kubwa ni BMX ya mtumba isiyo na breki. Nyingine zilitengenezwa hivyo kwa ajili ya uwanja wa michezo, mahali ambapo hakuna lori linalopanda. Kabla hujatoa pesa, kagua mambo manne: breki, nyufa penye shingo, alama za kuchomelewa upya, na usukani usiozunguka peke yake.

Zipo pia baiskeli zilizoundwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kijijini. Mfano ni Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka wa 2005. Fremu yake ni nene, keria hubeba hadi kilo 100, na breki ya nyuma ni ya kukanyaga pedeli kinyume, haijali rimu iliyolowa. Ni dalili kwamba tukiuliza swali letu wenyewe, jibu hupatikana.

Basi ndugu zangu, tuache kuchekana. Mamba ibebe maziwa, BMX iruke matuta uwanjani. Mwenye macho haambiwi tazama.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini fremu hutumia pembetatu wala si mraba?
2. Taja kazi mbili za usukani mpana.
3. Wewe ungebuni baiskeli gani kwa mwanafunzi wa Giakanja? Ichore, utaje sehemu zake kwa Kiswahili.