Namna ya Kutunza Vigezo vya Nguo Nyumbani

Kila mwaka ukaribiapo mwisho, cherehani za barazani katika miji ya Kericho, Litein, Sotik na Bomet hazipumziki. Muhula wa kwanza wa shule hufunguliwa mwezi wa Januari, nao wazazi huwapelekea mafundi vitambaa vya sare. Na wale akina mama walio na cherehani zao nyumbani hukesha wakikata na kushona nguo za watoto wao wenyewe. Hapo ndipo husikika swali lile lile la kila mwaka: ile karatasi ya mkono wa gauni iko wapi? Hutafutwa chini ya kitanda, huulizwa kwa jirani, na mwisho huonekana imefunikia daftari la hesabu la mtoto.

Karatasi hiyo ndiyo habari yetu. Kigezo, ambacho mafundi wengi wa Kenya hukiita pateni, ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la sehemu moja ya nguo: kifua, mgongo, mkono, ukosi au mfuko. Huwekwa juu ya kitambaa, kikazungushiwa chaki, kisha mkasi ukafuata. Mwaka 1863, katika mji wa Sterling, jimbo la Massachusetts, fundi mmoja wa Marekani jina lake Ebenezer Butterick alianza kuuza vigezo vya karatasi vya ukubwa mbalimbali, ili mtu akae nyumbani kwake na kukata nguo bila kumwita fundi. Hapa Kenya, wanawake wengi walijifunza kazi ya sindano katika vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952.

Huenda msomaji akauliza: ya nini kutaabika na karatasi iliyokwisha tumika? Jawabu ni kwamba kigezo kilichotumika hushinda kipya. Kigezo kipya kimepimwa kwa mwili usio wa mtu yeyote. Ukishona mara ya kwanza utaona mabega yamezidi, ukapunguza sentimita 2. Mara ya pili utaona kwapa linabana, ukalichimba kidogo. Mara ya tatu utaongeza pindo, maana binti ana miguu mirefu kama ya babaye. Kila sahihisho la namna hii umelinunua kwa kitambaa na kwa usiku wa kufumua nyuzi. Karatasi ile imeyakusanya yote. Ikipotea, hununui karatasi nyingine tu. Waanza tena kujifunza mwili wa mtoto wako, na mwalimu ni kitambaa kipya chenye bei.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilikuwa na vigezo vya magauni mawili ya shule, la mtoto wa miaka 8 na la mwenziwe wa miaka 12, vyote katika mfuko mmoja na bila maandishi. Nilikata kifua na mgongo kwa kile kikubwa, na mikono kwa kile kidogo. Nilipofika kuunganisha, mkono haukuenea penye kwapa hata kidogo. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na nusu mita niliyokwenda kununua ilitoka katika jora jingine, la buluu iliyopauka. Msichana akavaa mikono ya rangi yake na kiwiliwili cha rangi yake mwaka mzima. Hakulalamika, lakini siku ya kupigwa picha za darasa aliniomba sweta, na siku hiyo palikuwa na jua kali.

Basi kazi ya kwanza ni maandishi, nayo ifanywe siku ile ile nguo ilipokwisha, kabla hujasahau. Juu ya kila kipande andika jina la nguo, jina la mwenyewe, umri wake, kipimo cha kifua na mwaka. Kisha andika idadi, kwa mfano "kipande cha 3 katika 9", maana bila hesabu hiyo hutajua kwamba ukosi haumo mpaka uufikie ukosi. Andika pia ni vipande vingapi vya kukatwa kwa karatasi hiyo, ukingo upi hukaa penye mkunjo wa kitambaa, na kama nafasi ya mshono imo ndani au ni ya kuongezwa. Chora mshale wa kuonyesha uzi wa kitambaa uendako. Katika kipande kikubwa kuliko vyote andika mita za kitambaa zilizotumika, ili mwakani dukani usibahatishe. Tumia penseli, wino hutawanyika karatasi ikipata unyevu.

Baada ya hapo ondoa pini zote. Katika nchi ya mvua pini hushika kutu, na kutu hula karatasi na kuacha doa ambalo huhamia kwenye kitambaa cheupe. Nyoosha karatasi kwa pasi ya uvuguvugu isiyo na maji. Ukitumia pasi ya makaa, ipungie nje kwanza ili cheche zitoke.

Vigezo vya dukani vya karatasi nyembamba havirudi katika bahasha yake vikisha funguliwa, na asikudanganye mtu kwamba kuna ufundi wa kuvirudisha. Tafuta bahasha kubwa ya kaki, bandika juu yake ile picha ya nguo, na uvitie humo vyote pamoja. Vigezo vya karatasi nene havipendi kukunjwa, kwa sababu mkunjo hupoteza kipimo pole pole na mwisho hukatika. Hivi vitobolewe tundu moja juu, vitiwe kamba, vipande vyote vya nguo moja katika kamba moja, na kutundikwa ukutani kwa msumari. Mafundi wengi hufanya hivyo, nao wana sababu: fundi huona kazi yake yote kwa mtazamo mmoja. Katika chumba kimoja cha kambi ya chai, ambamo kitanda, meza na watoto hugombea nafasi, ukuta ndio ghala lililobaki.

Lakini ni ukuta upi? Hapa yatupasa kukaa kidogo, maana vigezo vingi vya sehemu zetu huangamizwa na unyevu kuliko kitu kingine. Mji wa Kericho uko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Mkulima wa chai ajua vema habari hii. Kiwandani majani hukaushwa mpaka maji yanayobaki ni kiasi cha asilimia 3, kisha chai hufungwa upesi, kwa kuwa ikiachwa wazi huvuta unyevu wa hewa na kuharibika. Karatasi nayo huvuta unyevu vivyo hivyo. Ikilowa hutanuka na kujikunja, huota ukungu, na wadudu walao karatasi huipenda. Kwa hiyo usitundike vigezo penye ukuta wa nje wa mabati, ambao asubuhi hutoka jasho, wala ukuta wa udongo upande unaopigwa na mvua. Ukuta wa ndani, unaogawa vyumba, ndio bora. Wengine huviweka juu ya meko wakidhani moto utavikausha. Ni kweli vitakauka, lakini vitajaa masizi na kuvunjika kama jani kavu.

Aliye na sanduku la bati ana bahati, maana panya hawalitoboi. Lisikae juu ya sakafu. Liinuliwe kwa matofali mawili, na vigezo vitiwe siku kavu tu. Zamani chai ilisafirishwa katika masanduku ya mbao nyembamba yaliyotandikwa karatasi ya madini ndani, na nyumba iliyobahatika kuwa na moja lililo zima haina haja ya kabati kwa kazi hii. Miezi ya Januari na Februari, mvua ipunguapo, toa vigezo vyote uvianike kivulini penye upepo. Jua kali hugeuza karatasi ya gazeti kuwa ya manjano na kuivunja.

Sasa habari ya kuazimana. Jirani akija kuomba kigezo cha shati la mumewe, ni vigumu kumnyima, wala si desturi yetu kumnyima mtu karatasi. Hata hivyo, vipande vinavyopotea kwa panya ni vichache kuliko vinavyopotea kwa majirani, na mara nyingi hurudi vinane badala ya tisa. Dawa yake ni kuwa na nakala. Kile kigezo kilichosahihishwa kibaki nyumbani daima. Atakayeazima apewe nakala, au aje na karatasi yake aichore mezani pako huku mkinywa chai. Karatasi ya nakala haikosekani: mfuko wa saruji una matabaka, na lile la ndani lisiloguswa na saruji, likipanguswa vumbi, ni karatasi imara. Weka pia daftari dogo lenye orodha ya vigezo vyako, na mahali pa kuandika ni nani aliyechukua na lini.

Nakala hufaa tena mtoto anapokua. Usikate wala kubandikiza kile cha mwaka jana ili kuongeza ukubwa. Kichore upya katika karatasi nyingine, ongeza huko, na cha zamani kikae katika kamba yake, kwa sababu mdogo wake anakifuata nyuma, na baada ya miaka miwili kitakuwa chake. Ndugu hawafanani maungo, lakini kusahihisha kidogo ni kwepesi kuliko kuanza upya.

Itakuwako mabaki: mkono mmoja usiojulikana ni wa nguo gani, nusu ya kola, mgongo usio na kifua. Usivirudishe sandukuni kwa huruma. Vilinganishe mara moja na vigezo vilivyo kamili, na kisichopata mwenzake, mpe mtoto afunikie daftari la hesabu.