Printa ya Bei Chee, Wino wa Bei Mbaya: Maswali ya Wafanyabiashara wa Kondoa

Tangu lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, izinduliwe mwaka 2018, Kondoa si mbali tena na mzigo wa Kariakoo. Kompyuta, printa na mashine za risiti zinashushwa stendi kama mabati na sabuni. Kilichobaki mbali ni fundi na vipuri, maana kifaa kikigoma mara nyingi kinarudi Dodoma mjini kwa basi, na biashara inakisubiri. Kwa hiyo kila anayeniomba ushauri namuuliza kwanza: kikizima siku ya mnada, nani atakiwasha? Haya ni maswali yanayoulizwa sana na wenye maduka, wakamuaji wa alizeti na viongozi wa ushirika.

Fundi, nafungua steshenari karibu na shule. Kuna printa ndogo ya leza iliyotumika kwa 250,000, na ya tangi la wino, mpya, kwa 600,000. Si nianze na hiyo ya bei rahisi?

Dada, usiniambie bei ya printa, niambie bei ya ukurasa. Chukua HP LaserJet P1102, ambayo ni ya kawaida kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika. Inatumia katriji namba 85A, na kiwanda kinaikadiria kutoa kurasa 1,600. Hizo ni kurasa ambazo wino umefunika asilimia 5 tu ya karatasi, yaani barua fupi. Mtihani wa jiografia wenye ramani hula zaidi.

Tuseme katriji oriji umeuziwa 200,000. Gawa kwa 1,600: unapata shilingi 125 kwa ukurasa, hujaweka karatasi wala umeme. Wewe unamtoza mwanafunzi 100. Kila anayetoka dukani akisema asante amekuachia hasara ya shilingi 25, na siku ukiwa na foleni ndefu ndipo unapoumia zaidi.

Hapo ndipo watu wanapokimbilia katriji za kuigiza au kujaza unga. Sizikatai. Ukiipata ya kuigiza kwa 45,000 ukurasa unashuka hadi shilingi 28 hivi. Lakini kujaza kuna mwisho: dramu ya katriji ikichakaa, hata unga mpya hautaondoa ule mstari mweusi unaopita katikati ya karatasi. Unga ukivuja ndani ya mashine, mitihani ya darasa zima inatoka na madoa, na mwalimu mkuu harudi tena. Ukishajaza mara mbili au tatu, nunua nyingine.

Printa ya tangi, mfano Epson L3250, hutumia wino wa chupa, na chupa nyeusi inakadiriwa kurasa 4,500. Hata ukiuziwa 35,000, ni chini ya shilingi 8 kwa ukurasa. Ile tofauti ya 350,000 kati ya printa mbili inarudi ukishatoa kurasa kama 3,000 ukilinganisha na katriji oriji, au kama 17,000 ukilinganisha na ya kuigiza. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo hesabu ya rimu unaweza kuimaliza mwenyewe.

Ubaya wa printa ya tangi ni kwamba haipendi likizo. Ukiifungia Desemba yote, wino unakauka kwenye matundu ya kichwa chake, na kuyazibua ni kazi. Itolee ukurasa mmoja wa rangi kila wiki hata kama hakuna mteja. Pia ina sponji inayokusanya wino taka. Ikijaa, printa inasimama mpaka ibadilishwe, basi uliza mapema nani Dodoma anaifanya kazi hiyo. Kwa steshenari ya shule nakushauri tangi. Ofisi inayotoa barua mbili kwa wiki ichukue leza, kwa kuwa unga haukauki.

Nimeonyeshwa kompyuta za Dell zilizotumika. Muuzaji anasema zote ni i5, nichague tu rangi.

Usichague rangi, soma namba. Baada ya i5 kuna kistari na tarakimu nne au tano: i5-4570 ni kizazi cha nne, i5-6500 cha sita, i5-8500 cha nane. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda mbele. Ndiyo sababu ofisi za Ulaya na Marekani zinaziondoa mashine za nyuma ya hapo, na ndiyo sababu zinatufikia huku kwa wingi na kwa bei laini. Muuzaji anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye kizazi cha nne, ila Microsoft haikuahidi kitu kwa mashine kama hiyo.

Haimaanishi kwamba mashine hizo ni takataka. Ya kuchapia barua tu, isiyoshika hesabu za duka wala benki, inaweza kuwekewa Linux na ikafanya kazi miaka. Kwa ya biashara, dai kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Ukikosa hela ya vyote, anza na SSD, kwani ndiyo utakayoihisi haraka.

Kwa laptopu, kaa nayo dukani nusu saa ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, itakuonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na upi. Iliyoshuka chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei unayopatana. Halafu izime, iwashe, uingie kwenye mipangilio ya awali kabla Windows haijapanda. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, iache hapo hapo. Mashine iliyotoka kampuni kubwa ikiwa bado na kufuli la mmiliki wa kwanza ni mzigo usioisha.

Flashi ya TB 2 kwa elfu kumi na tano, ni kweli?

Si kweli. Imechezewa ili kompyuta isome TB 2 wakati ndani ina GB 16 au 32. Utaweka mafaili, majina yataonekana, lakini yakizidi uwezo halisi hayatafunguka. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote na kusoma tena ilichoandika. Iendeshe kabla hujaweka hesabu za mwaka humo.

Ofisi yangu imeungana na mashine ya kukamua alizeti. Kompyuta imeungua mara mbili, na UPS ninayo.

Mzee wangu, angalia taa ya ofisi wakati kijana anawasha mota. Ikififia kisha ikarudi, umeme wa laini hiyo unashuka na kupanda kila mashine inapoanza, na UPS ndogo za bei nafuu hazikutengenezwa kuhangaika na hilo siku nzima. Mwite fundi umeme mwenye leseni aitenge laini ya ofisi na ya mota, na akague waya wa ardhi. Kazi hiyo itakusaidia kuliko kifaa chochote utakachonunua. Baada ya hapo weka stabilaiza, kisha UPS.

UPS yenyewe isomwe vizuri. Iliyoandikwa VA 650 kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390, si 650. Kompyuta ya mezani na kioo chake inaziweza kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe. Inapopasha moto hunyonya mamia ya wati kwa mkupuo na kuiangusha. Betri ya ndani huchoka baada ya miaka mitatu hivi, na UPS ambayo betri yake imekufa inabaki kuwa ekstensheni ya bei ghali. Mwenye laptopu hahitaji UPS, betri anayo tayari.

Kuna na vumbi. Ardhi yetu ilikuwa imemomonyoka kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO kuiokoa, na mpaka leo upepo wa kiangazi unajua njia ya kuingia ofisini. Ukiongeza na maganda ya alizeti, feni ya kompyuta inaziba. Ifungue na uipulize kila baada ya miezi michache, ikiwa imechomolewa.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Kijana amenionyesha mfumo wa mauzo kwenye simu yake, ni mzuri sana. Ninunue?

Ulichokiona ni maonyesho, na maonyesho hayajawahi kukosea hesabu. Mwombe auache dukani kwako wiki moja, mwuze nao mauzo yenu halisi sambamba na daftari. Mpe yale yanayoushinda mfumo ulioandikwa na mtu asiyewahi kusimama kaunta. Misumari unainunua kwa boksi na kuiuza kwa kilo, wakati mwingine kwa robo. Mteja wa Pahi anachukua mabati, analipa nusu, nusu nyingine hadi auze mbaazi. Nondo moja inarudi kwa kuwa haikutosha kipimo. Jioni ya siku ya saba linganisha fedha taslimu, lipa namba na madeni. Visipokubaliana, mwambie akueleze kwa nini, na sikiliza kama anaeleza au anazunguka.

Kuna mambo mengine ambayo sikubali yapite kwa ahadi. La kwanza ni mtandao. Mfumo unaosimama kila intaneti ikikata haufai kwa duka lenye watu. Uuze bila mtandao, ukirudi upeleke kumbukumbu wenyewe. La pili ni risiti. TRA ilianza mashine za EFD mwaka 2010, na siku hizi ipo njia ya risiti hizo kutolewa na programu badala ya kimashine. Kijana akisema mfumo wake umeunganishwa na TRA, akutolee risiti moja hapo hapo uihakiki. Neno "utaunganishwa" lisikutoe hela. Na usikubali kuuziwa moduli ya VAT kwa kutishwa: tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, ingawa yapo makundi yanayosajiliwa bila kujali kiwango.

La tatu ndilo linalowauma watu baadaye. Muulize: nikiacha kukulipa, orodha ya bidhaa, mauzo na madeni yangu vinatokaje? Jibu sahihi ni kubofya kitufe na kupata faili linalofunguka kwenye Excel au LibreOffice. Mfanye alitoe mbele yako. Akianza kusema ni mpaka ofisi iombwe, madeni ya wateja wako yatakuwa mikononi mwa mtu mwingine, na kila mwaka atapandisha ada akijua huna pa kwenda.

Kumbuka pia kwamba majina na namba za simu za wadaiwa wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayezitunza kwa niaba yako aandike kwenye mkataba zitakaa wapi na nani atazifungua.

Na kama stoo yako haijawahi kuhesabiwa, subiri. Hesabu kwanza, andika kwenye daftari au jedwali la LibreOffice Calc ambalo ni la bure, kwa miezi mitatu. Kuna maduka mengi hapa mjini ambayo jedwali hilo linayatosha kabisa, na mwuza mfumo hatakwambia.

Rafiki ameniwekea programu ya uhasibu iliyokrakiwa, inafanya kazi vizuri. Kuna tatizo gani?

Ili ikubali, alizima kinga ya virusi na kuendesha faili asilolijua limetoka kwa nani. Kwenye kompyuta hiyo hiyo unaingia benki. Ni kosa pia chini ya sheria ya hakimiliki, lakini sheria ndiyo ya mwisho kukufikia. Wezi wanakuja kwanza. GnuCash ni ya bure na halali, na inatosha kwa biashara ndogo yenye mtu anayejua debiti na krediti.

AMCOS yetu inataka mizani ya kidijitali inayounganishwa na kompyuta, na mfumo wake.

Mizani yoyote ya biashara, iwe ya kidijitali au ya jiwe, lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla haijapimia ufuta wa mkulima. Muuzaji asiyelijua hilo mwepuke. Kuhusu mfumo, Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina wake wa kusimamia vyama, MUVU. Ongeeni na afisa ushirika kabla bodi haijapitisha senti, msije mkalipia kazi ambayo chama kinatakiwa kuifanya kwenye mfumo wa serikali.

Kampuni ya hapa hapa nchini imeniletea ankara ya ada ya mfumo kwa dola. Wanasema ndivyo ilivyo.

Sivyo. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kupanga bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Irudishe waiandike kwa shilingi, na iseme ada ni ya muda gani, inahusu watumiaji wangapi, na fundi atafika Kondoa ndani ya siku ngapi mkikwama. Wakikataa kuandika hilo la mwisho, tafuta kampuni nyingine.