SOMO LA AFYA: Upunguze Mafuta Kwanza au Ujenge Misuli?

Vijana wanaonyanyua vyuma katika jimu za Manyatta hulijadili swali hili, na akina mama wanaotoka kliniki ya presha hulirejelea kwa maneno mengine: je, mtu aanze kwa kupunguza mafuta ya mwili, au kwa kujenga misuli?

Jibu si moja kwa wote. Linategemea kiuno, nguvu na hali ya afya ya kila mtu. Somo hili linaeleza jinsi mkazi anavyoweza kujipima nyumbani kwa uzi, kiti na mtungi wa maji, kisha aamue pa kuanzia.

Mafuta ni akiba, misuli ni mfanyakazi

Chakula kinachozidi matumizi ya siku mwili hukiweka akiba kama mafuta. Mengine hukaa chini ya ngozi na mengine ndani ya tumbo, kuzunguka ini na matumbo. Haya ya ndani ndiyo yenye madhara zaidi, kwa kuwa yanahusishwa na shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo.

Misuli hufanya kazi. Hutuinua kitini, hubeba maji kutoka kioski hadi nyumbani, na hutumia sehemu kubwa ya sukari inayoingia katika damu baada ya mlo.

Mafuta hayageuki kuwa misuli, wala misuli haigeuki kuwa mafuta. Kila kimoja huongezeka au kupungua kwa njia yake. Pia hakuna zoezi linaloondoa mafuta ya mahali pamoja tu. Anayefanya mazoezi ya tumbo mara 200 kila asubuhi huimarisha misuli ya tumbo, lakini mwili wenyewe ndio unaoamua akiba itolewe wapi kwanza.

Tatizo la mizani ni kwamba haitofautishi vitu hivi viwili. Mtu akipunguza chakula bila mazoezi ya nguvu, takriban robo ya uzito anaopoteza huwa si mafuta, na sehemu ya hiyo ni misuli. Mizani itamsifu ilhali mwili umepoteza kitu ulichokihitaji.

Jipime kwa uzi na kiti

Tafuta uzi usiovutika. Upime urefu wako kutoka unyayoni hadi utosini, ukate, kisha uukunje katikati. Simama wima, toa pumzi kama kawaida, na uzungushe uzi huo uliokunjwa kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako. Zisipokutana, kimezidi na mafuta ya tumboni yanahitaji kushughulikiwa.

Kwa mfano, mama mwenye urefu wa sentimita 160 anafaa kuwa na kiuno kisichozidi sentimita 80. Wanaume wawe waangalifu: wengi hupima pale mshipi unapokaa, chini ya kitambi, wakajipa jibu zuri lisilo la kweli. Kipimo hiki hakiwafai wajawazito.

Kipimo cha pili ni cha nguvu. Keti kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, kisha inuka na kuketi mara 5 upesi uwezavyo. Ukichukua zaidi ya sekunde 15, ni dalili kwamba misuli ya miguu imedhoofika. Kipimo hiki kinawafaa hasa wazee, na ni vizuri mtu awe karibu nao wanapojipima.

Uanzie wapi?

Mifano hii mitatu ni ya kufundishia tu.

*Mfano wa kwanza* ni mama muuza samaki Kondele. Ana urefu wa sentimita 160, uzito wa kilo 88 na kiuno cha sentimita 102. Huyu aanze na mafuta. Lengo la kwanza liwe kupunguza kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito, yaani kilo 4 hadi 9 hivi, katika muda wa miezi sita. Kiasi hicho kinatosha kuleta nafuu katika presha na sukari ya damu, hata kama umbo lake halitabadilika sana machoni pa watu. Mazoezi ya nguvu aanze nayo siku hiyo hiyo, ili kinachopungua kiwe mafuta zaidi na misuli ibaki.

*Mfano wa pili* ni kijana wa mjengo mwenye urefu wa sentimita 175 na uzito wa kilo 52. Ukigawanya uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 17. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Huyu hana mafuta ya kupunguza, kwa hivyo ajenge misuli na aongeze chakula. Lakini kwanza ajiulize: je, amekuwa hivi siku zote, au amepungua majuzi? Kama miezi sita iliyopita alikuwa na kilo 55, amepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito bila kukusudia. Aende kituo cha afya kabla ya kwenda jimu, kwa sababu kifua kikuu, kisukari na virusi vya Ukimwi (VVU) ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumpunguza mtu hivyo.

*Mfano wa tatu* ni mwendeshaji boda mwenye urefu wa sentimita 170, kilo 68 na kiuno cha sentimita 89. Kwa mizani, uzito wake ni wa kawaida. Kwa uzi, kiuno kimezidi kwa sentimita 4. Kwa kuwa anakaa juu ya pikipiki kutwa, misuli ni michache na kitambi kipo. Huyu asijinyime chakula. Apunguze soda na vyakula vya kukaanga, ale protini ya kutosha na afanye mazoezi ya nguvu. Anayeanza mazoezi kwa mara ya kwanza anaweza kupunguza mafuta na kujenga misuli kwa wakati mmoja.

Na ambaye uzi umekutana na uzito wake ni wa kawaida? Ajenge na kulinda misuli. Kuanzia umri wa makamo misuli hupungua pole pole kwa asiyeitumikisha, na mzee asiye na misuli huanguka upesi.

Hofu ya kukonda

Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Wapo kati yao walioshauriwa na daktari wapungue, lakini wakasita kwa sababu moja: watu watasema nini?

Hofu hiyo ina historia. Katika miaka ya 1980, kabla ya kupatikana kwa dawa za ARV, wakazi wa Rakai nchini Uganda waliuita Ukimwi "Slim", yaani wembamba, kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Kanda nzima ya Ziwa Viktoria iliguswa na msiba huo, na Kisumu ingali miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi nchini. Ndiyo maana mtu akipungua kilo tano tu, jirani huuliza, "Mbona umekonda hivyo? Uko sawa kweli?" Mama mwenye presha akaona heri abaki mnene na heshima yake.

Hapa ndipo mazoezi ya nguvu yana manufaa ya pekee. Ugonjwa usiotibiwa hula mafuta na misuli pamoja, na mgonjwa hudhoofika. Anayepungua kwa utaratibu huona kiuno kikishuka huku nguvu zikipanda: mwezi jana alinyanyua lita 5, mwezi huu lita 8. Hiyo ni hesabu anayoweza kuiamini, hata majirani waseme watakavyo. Na ambaye hajui hali yake ya VVU apimwe, kwa kuwa umbo la mtu halimwambii yeyote kama ana virusi au hana.

Wanaotumia ARV wanahitaji neno la ziada. Watafiti wamebaini kwamba baadhi ya watu huongezeka uzito wanapotumia dawa yenye dolutegravir. Hilo si sababu ya kuacha dawa hata siku moja. Mweleze mhudumu wa kliniki, na ufuate hatua za somo hili kwa ushauri wake.

Chakula cha kupunguza, chakula cha kujenga

Ili mafuta yapungue, mwili lazima upate nishati kidogo kuliko unayotumia. Kupunguza kalori 500 kwa siku ni kiasi cha wastani. Vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kupikia ni kalori 240 hivi. Soda ya mililita 300 ni takriban 125. Vikombe 3 vya chai vyenye vijiko vidogo 3 vya sukari kila kimoja ni 144. Anayeviacha vyote amefikia kalori 500 bila kugusa mlo wenyewe.

Ugali hauna haja ya kufukuzwa mezani. Punguza kipande, uongeze osuga, sukuma wiki au mrenda. Samaki mchemsho ana mafuta kidogo kuliko yule wa kukaanga, na hali ni hiyo hiyo kwa mgongo wazi.

Kwa misuli, jambo kuu ni protini. Anayefanya mazoezi huku akipunguza mafuta anahitaji takriban gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 84 kwa siku. Anaweza kuzipata hivi: mayai 2 (gramu 12), kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa (15), glasi 2 za maziwa (16), gramu 50 za omena waliokaushwa (25) na ugali wa gramu 200 za unga (16). Omena waliokaushwa karibu nusu ya uzito wao ni protini, na wanapatikana sokoni Kibuye hadi vibandani mtaani. Hakuna haja ya kununua mikebe ya unga wa protini.

Aliye na uzito pungufu ale vyakula hivyo hivyo, aongeze uji wa maziwa, njugu, parachichi na mlo mmoja zaidi kwa siku.

Mtungi kama chuma

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 au zaidi za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka. Kutoka Manyatta hadi Kibuye kwa miguu badala ya boda kunahesabika.

Kwa nguvu, tumia mtungi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mtungi ni chuma unachoweza kukipandisha uzito utakavyo. Anza na lita 5 na ufanye haya:

1. Kumbatia mtungi kifuani, chuchumaa kana kwamba unaketi kitini, kisha inuka.
2. Inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, vuta mtungi hadi kiunoni, ushushe pole pole. Badilisha mkono.
3. Weka mikono ukutani au sakafuni, jishushe na ujisukume.

Kila zoezi lifanye mara 8 hadi 12, kwa raundi 3, siku 2 au 3 kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Ukiweza kufika 12 katika raundi zote, ongeza lita moja. Bila kuongeza mzigo, misuli huzoea na kusimama pale pale. Ndiyo sababu hata anayebeba maji kila siku hafai kudhani ameshamaliza mazoezi.

Njia za mkato zenye hatari

Baadhi ya watu hununua vidonge vya dexamethasone ili wanenepe. Dawa hii ina matumizi yake halali hospitalini, lakini anayeimeza kiholela hujaza mafuta usoni na tumboni, hupandisha presha na sukari ya damu, na hudhoofisha misuli yenyewe. Kuiacha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari pia. Aliyeanza kuitumia amwone daktari. Sindano za homoni za kukuza misuli zinaweza kuharibu moyo na uwezo wa kuzaa. Mitishamba ya kuharisha huondoa maji, na mafuta hubaki palepale.

Kabla ya kuanza

Wenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo, wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 wapate ushauri kwanza. Anayetumia dawa za kisukari akipunguza chakula, kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, simamisha zoezi na utafute matibabu.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vya kazi mwaka 2023, wanaweza kukupima presha, sukari na uzito nyumbani. Wataalamu wa lishe wanapatikana katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi huiita Russia.

Chukua daftari, uandike leo mambo matatu: kiuno, uzito na lita unazoweza kunyanyua. Yapime tena baada ya wiki nne, asubuhi kabla ya kula. Kiuno kikishuka na lita zikipanda, umeanzia mahali sahihi. Uzito na lita vikishuka pamoja na hukukusudia kupungua, nenda kliniki wiki hiyo hiyo.