Mtumishi akianguka: maswali kuhusu uamsho, uponyaji na neema

Kashfa ya mchungaji ikitoka magazetini, barua za wasomaji huja kwa mkupuo, na nyingi hazimhusu mchungaji mwenyewe. Watu huuliza habari zao: ubatizo wao, ndoa zao, ugonjwa uliopona, sadaka walizotoa. Tumeyapeleka maswali hayo kwa mwalimu wa historia ya kanisa, naye ameyajibu bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Shikamoo mwalimu. Niliumwa tumbo miaka mingi, mchungaji mmoja akaniombea nikapona. Sasa imethibitika kwamba alikuwa akizini na waumini wake. Je, uponyaji wangu ulikuwa wa uongo?

Marahaba. Kama tumbo limepona, limepona. Shahidi wa afya yako ni tumbo lako na vipimo vyako, si mwenendo wa yule bwana. Soma Mathayo sura ya 10: Yesu aliwatuma wale Thenashara wakaponye wagonjwa, na jina la Yuda Iskariote limo katika orodha. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba wagonjwa aliowaombea Yuda walirudiwa na maradhi siku alipopokea vile vipande vya fedha. Na katika sura ya 7 Yesu anawataja watu watakaojitetea kwamba walitoa pepo kwa jina lake, naye atawakana. Hasemi kwamba pepo hawakutoka.

Ila na upande wa pili usiuache. Kama dhambi yake haifuti uponyaji wako, uponyaji wako nao hauwezi kumsafisha yeye. Wapo wanaosimama mbele ya kamati ya nidhamu na kusema, "Lakini huyu aliniombea nikapata mtoto." Hilo si ushahidi wa lolote kuhusu alichomfanyia binti wa kwaya.

Mchungaji aliyetubatizia watoto amevuliwa uchungaji. Kanisa tulilohamia linataka wabatizwe upya, eti ubatizo wa mzinzi hauna nguvu. Tukubali?

Kwa sababu hiyo, msikubali. Swali lenu lina miaka kama 1,700, na waliolipigania kufa na kupona walikuwa Waafrika wa Karthago, katika nchi ya leo ya Tunisia.

Mwaka 303 Kaisari Diokletiano aliamuru Maandiko yakabidhiwe yachomwe moto. Wapo maaskofu waliokufa wakikataa, na wapo waliotoa vitabu wakaokoa roho zao. Mateso yalipopoa, Kaikiliano akawekwa kuwa askofu wa Karthago, na mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptunga, akatuhumiwa kwamba naye alikuwa amekabidhi vitabu. Baadaye Felix alichunguzwa akaonekana hana hatia, lakini mgawanyiko ulikuwa umeshaota mizizi. Waliojitenga waliitwa Wadonati, kwa jina la askofu wao Donatus. Hoja yao inaingia akilini haraka: mtungi mtupu humimina nini? Asiye na Roho hawezi kumpa mwingine Roho. Basi wakawa wanawabatiza upya waliotoka upande wa pili.

Sinodi ya Arles ya mwaka 314 iliwakataa, lakini hoja iliendelea kwa zaidi ya karne. Aliyeijibu kwa kina ni Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzao. Alisema ubatizo ni wa Kristo, akiutoa Petro ni wa Kristo, akiutoa Yuda ni wa Kristo. Akaongeza hoja ambayo mimi naiona nzito zaidi: ingekuwa neema inategemea usafi wa mchungaji, hakuna muumini ambaye angelala na uhakika, kwa kuwa moyo wa mchungaji hakuna auonaye. (Simuungi mkono Augustino katika yote. Alipochoka kubishana alikubali dola iwalazimishe Wadonati kurudi, na hilo liliacha uchungu mwingi.)

Walutheri waliliandika jambo hili katika Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 8. Waanglikana wanalo katika Ibara ya 26 ya zile Ibara 39. Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo wakubwa wengi hukatia kusoma. Ibara ya 26 ina nusu mbili. Nusu ya kwanza inasema uovu wa mtumishi hauondoi nguvu ya sakramenti. Nusu ya pili inaagiza kwamba watumishi waovu wachunguzwe, washtakiwe na wanaoyajua makosa yao, na hatia ikithibitika wavuliwe kazi. Nusu ya kwanza wameandikiwa waumini ili wasihangaike kama ninyi mnavyohangaika. Ya pili limeandikiwa kanisa ili lichukue hatua. Askofu anayenukuu ile ya kwanza na kuisahau ya pili amechukua faraja ya mnyonge akaifanya ngao ya mkubwa.

Lakini Biblia si imekataza kuwagusa masihi wa Bwana?

Imekataza, katika Zaburi ya 105. Waliotajwa pale ni Ibrahimu na uzao wake walipokuwa wachache, wageni wanaohama taifa hadi taifa, na wanaokatazwa kuwagusa ni wafalme. Mstari unamlinda asiye na ulinzi dhidi ya mwenye nguvu. Leo unasomwa na mwenye nguvu, kipaza sauti mkononi na mabaunsa mlangoni, dhidi ya mama mjane anayeuliza sadaka zimekwenda wapi.

Mfalme Daudi alikuwa mpakwa mafuta kuliko mtume yeyote wa mjini kwetu, na Nathani alimwambia usoni kwamba mwenye kosa ni yeye. Paulo alimkemea Petro mbele ya watu kule Antiokia, kisha akayaandika hayo katika barua kwa Wagalatia ili yasomwe makanisani. Na kwa Timotheo aliweka utaratibu: shtaka dhidi ya mzee lipokelewe kwa mashahidi wawili au watatu, na wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Utaratibu huo unawazuia wazushi, na unawazuia waficha maovu pia.

Bibi yangu ni mlokole wa enzi za Tukutendereza, ule wimbo wa uamsho. Anasema zamani hakukuwa na aibu hizi. Ni kweli?

Aibu zilikuwepo. Ila zilisemwa na wenyewe kabla hazijaandikwa na waandishi wa habari, na bibi yako akikumbuka vizuri atakusimulia.

Uamsho wa Afrika Mashariki kitovu chake ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, na Gahini palikuwa na hospitali ya misheni. Ninapenda jambo hilo likumbukwe. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika pale mwaka 1928. Mwaka uliofuata, akiwa amechoka na kukata tamaa, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Yosiya Kinuka, kiongozi wa watumishi wa hospitali ya Gahini, naye akaguswa, na mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akawa mwinjilisti na mwalimu hapo hapo. Mkutano wa Kabale wa 1935 uliwasha eneo lote la Kigezi. Kisha moto ukaenda Bukoba, Burundi, Kongo, na kuanzia 1937 Kenya.

Kigozi alifariki Januari 1936 kwa homa, angali kijana, na ndugu zake katika imani walikuwa wanaomba kwa bidii kuliko sisi. Hakuna aliyesema imani yake ilikuwa ndogo. Wala hakuna aliyesema hospitali ifungwe. Maombi na dawa vilikaa chini ya paa moja, na mkazo wa walokole ulikuwa toba kuliko miujiza ya mwili.

Toba hiyo waliiita kutembea nuruni. Katika ushirika wa kila wiki mtu alisimama akasema aliiba nini, alimchukia nani, akaenda kurudisha mali ya watu. Wamisionari waliungama mbele ya Waafrika kiburi cha rangi yao, jambo ambalo katika miaka ya 1930, chini ya ukoloni, lilikuwa mapinduzi. Na uamsho haukuwa na mwenyewe. Haukuwa na makao makuu, ofisi wala bango lenye picha ya mtu. Kiongozi alikuwa ndugu anayeulizwa maswali sawa na wengine.

Waliwauliza hata wakubwa wa kanisa, na haikupendeza. Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwamo, kwa kukaidi uongozi katika kuhubiri na kuomba kwao alfajiri. Wangeweza kuanzisha kanisa lao siku ile ile, kama wafanyavyo vijana wa leo wakinyimwa zamu ya kuhubiri. Walibaki ndani. Erica Sabiti, mlokole, akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Uganda mwaka 1966, na Janani Luwum aliyemfuata aliuawa chini ya Idi Amin Februari 1977.

Sasa usimwambie bibi kwamba nimesema walikuwa malaika. Kuungama kuligeuka mashindano mahali pengine, mtu akitaka dhambi yake iwe na kishindo kuliko ya jirani. Wengine waliungama zinaa wakamtaja na mwanamke, wao wakarudi nyumbani wepesi, yeye akabaki na aibu kijijini. Wakagombana pia juu ya nani ameamka zaidi ya mwenzake.

Nitajuaje kama uponyaji ni wa kweli? Kila siku tunaona ushuhuda kwenye televisheni.

Kwa kupima kabla na kupima baada. Kule Lourdes, Ufaransa, maelfu wamedai kuponywa tangu 1858. Tangu 1883 ipo ofisi ya madaktari inayochunguza: je, ugonjwa ulithibitishwa mapema? Kupona kulikuja ghafla, kukakamilika, kukadumu miaka? Kuna tiba inayoweza kueleza kupona huko? Kwa muda wote huo, kanisa limetambua rasmi miujiza kama 70 tu. Siwaombi wachungaji wetu wafanye yote hayo, ila anayetangaza wagonjwa 70 kwa Jumapili moja, tena kabla ya kutoa sadaka, ana haki ya kuulizwa karatasi za hospitali.

Mwaka 2011 tulikuwa na Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu. Hoja ya ulafi haifiki mbali kwa bei hiyo. Tatizo lilikuwa kwamba UKIMWI na kisukari ni magonjwa yanayopimika, na wengi walikunywa wakatangaza wamepona bila kupima, wengine wakaacha dawa. Wagonjwa mahututi walifia kwenye foleni ya magari. Mawaziri nao walikwenda kunywa. Kisha Moshi, Februari 2020, watu 20 wakafa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako.

Ninapotaka mfano ulio tofauti na huo namtaja Edmund John, mlei wa Kianglikana, mdogo wake Askofu Mkuu John Sepeku. Alizunguka Tanzania akihubiri toba na kuombea wagonjwa tangu 1972 hadi alipofariki 1975, na hakujianzishia kanisa. Na ukipenda Maandiko, Paulo, aliyekuwa na karama ya uponyaji, alimwacha mwenzake Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa.

ARV, insulini na dawa za presha haziachwi kwa neno la madhabahuni. Mchungaji anayekwambia uziache anacheza na roho yako.

Kama uamsho ulianzia Rwanda, ilikuwaje mauaji ya kimbari ya 1994 yakatokea huko?

Ndilo swali linalonikosesha usingizi. Watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Kule Nyange padri Athanase Seromba alihukumiwa kwa kushiriki kulibomoa kanisa lake kwa tingatinga juu ya waliokimbilia humo. Rufaa katika mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimpa kifungo cha maisha mwaka 2008. Mchungaji wa Kisabato Elizaphan Ntakirutimana alihukumiwa miaka 10 mwaka 2003. Lakini wapo pia walokole waliokufa wakificha majirani.

Jibu langu, kwa kadiri ninavyoona: toba ilibaki ya mtu mmoja mmoja. Watu waliungama wizi wa sukari na hasira kwa mke, wakakosa pa kuungamia chuki ya kabila na ukaribu wa maaskofu na serikali. Wakati huo viongozi walikuwa wamezoea meza ya rais kuliko duara la ushirika.

Mchungaji wetu ametubu hadharani, amelia, kanisa zima limelia. Anataka kurudi madhabahuni mwezi ujao. Tumnyime?

Msamaha mpeni leo. Madhabahu ni suala jingine. Msamaha hauhitaji sifa, uongozi unahitaji, na Paulo ameziorodhesha kwa Timotheo. Wanaomtaja Petro kwamba alimkana Bwana akarudishiwa kondoo wasisahau kwamba Petro hakuwa amewala kondoo.

Mwulizeni kwanza Zakayo alifanya nini: alirudisha mara nne. Fedha zilizoliwa zimerudi? Wanawake waliodhulumiwa wamesikilizwa na mtu asiye ndugu wala rafiki yake? Kama kuna mtoto aliyeguswa, hilo ni jinai na linaanzia polisi, wala wazee wasithubutu kulimaliza kwa kikao na mbuzi. Yakiisha hayo, akae benchi la waumini chini ya mchungaji mwingine, kwa miaka, si miezi, na kitabu cha hundi kishikwe na watu watatu ambao hakuwateua yeye.

Akikataa masharti hayo, mtakuwa mmeshajua alichokuwa anakililia.